Miligramu Kumi na Moja

Watu wa jengo letu wakikusimulia habari za Sumaku watakwambia alikuwa mwanamke wa kijicho, aliyemharibia msomi kazi yake. Usiwasikilize. Wengi wao hata salamu walikuwa hawampi, leo wamekuwa mabingwa wa maisha yake. Mimi nimekaa naye miaka kumi na tisa, yeye kwenye sinki la kuoshea vyombo, mimi kwenye dirisha la stoo, hatua nane kati yetu. Najua alichofanya. Najua pia nilichofanya mimi, na nitakisema, ila nivumilie nifike.

Kazi yake ilikuwa kuosha. Chupa, mirija, bakuli za kaure, vijiko vya chuma vyembamba kama njiti. Humo ndani wasomi wanachemsha vitu ambavyo huenda siku moja vikawa dawa. Nasema huenda, maana miaka yangu yote sijaona hata kidonge kimoja kikitoka mlango ule. Wanapata unga mweupe, wanaupima, wanaupeleka ukajaribiwe kwa vijidudu vya magonjwa, vijidudu vinaendelea kuishi raha mustarehe, wanaanza upya. Ndio usomi huo.

Sumaku alikuwa na miaka kumi na sita kazini ulipokuja unga mweusi. Nitakueleza kama nilivyoelezwa, kwa lugha ya stoo. Ili vitu viwili vishikane ndani ya chupa vizae cha tatu, vinahitaji kichocheo, yaani kitu cha kuvisukuma ambacho chenyewe hakiliwi. Vile vya zamani vilitumika mara moja vikamwagwa, na madini yake ni adimu na ni sumu. Huu mpya ulikuwa wa chembe za chuma, ndogo hata darubini ya kawaida haizioni, zimevikwa madini hayo kwa juu. Uzuri wake ni kwamba kazi ikiisha huhangaiki na karatasi za kuchujia nusu siku nzima. Unaweka sumaku nje ya chupa, ubavuni, na ule weusi wote uliotapakaa unakimbilia pale unajibandika. Unamimina maji yakiwa masafi, unga unabaki. Unauosha kwa spiriti mara tatu, unaukausha kwenye oveni, unaupima, unaurudisha kazini. Wakubwa walitangaza kwamba utarudi kazini mara kumi bila kuchoka, na hiyo kumi ndiyo iliyotuletea balaa.

Kuuosha kulitaka mkono. Ukiondoa sumaku sekunde moja mapema, kila kitu kimeshaondoka na maji. Wasomi mikono iliwatetemeka. Yeye alishika chupa kwa kushoto na sumaku kwa kulia, akainamisha bila hata kutazama, huku anapiga soga na mimi kuhusu bei ya vitunguu. Ndipo wakamwita Sumaku. Kila asubuhi alivua saa yake akaniachia dirishani, kwa sababu sumaku ile ilikuwa inaua saa. Ilikuwa saa ya kike, kamba imechakaa, ya marehemu dada yake. Nilimtania kwamba siku akisahau kuifuata nitaivaa mimi niende nayo harusini, naye alikuwa ananijibu kwamba mkono wangu mnene ule utaikata kamba.

Mkuu wa maabara tulimwita Mizani, si mbele yake. Kwake kila kitu kilipimwa kikitoka na kikirudi. Kikirudi pungufu, aliyekishika anasimamishwa kando ya mizani, kazi zote zinasimama, anaulizwa mbele ya watu, kisha anaandikwa kwenye ubao mweupe karibu na mlango, yeye na upungufu wake, na anakaa pale mwezi mzima. Mwenyewe aliuita ubao wa nidhamu. Sisi tuliuita ubao wa wezi. Kwamba kitu kinaweza kupungua chenyewe, kwa kuoshwa, kwa kung'ang'ania kwenye kioo, kwa kuyeyuka kidogo kidogo, hilo halikumwingia kichwani. Kimepungua, basi kuna mzembe. Kwa hiyo watu wakawa wajanja. Karibu kila mtu humo ndani alikuwa na akiba yake ya siri ya kujazia, mmoja kwenye kopo la kalamu, mwingine kwenye kisanduku cha miwani. Mizani akitembeza wageni alijisifu kwamba kwake hakupotei kitu, na kweli, kwenye makaratasi hakikupotea kitu.

Pamoja na unga mweusi akaja binti mmoja kufanya shahada ya uzamivu. Kazi yake ilikuwa huo unga: uzae vitu vya dawa, uoshwe, urudiwe, ionekane utafika wapi. Siku yake ya kwanza Sumaku alinijia dirishani akaninong'oneza kwamba yule ni mtoto wa dada yake. Alimchukua siku ya mazishi, ana miaka minne, hana hata viatu. Mwenyewe hakuolewa. Alikuja mwanamume mmoja kuposa akasema hataki mwanamke mwenye mtoto wa mtu, akaonyeshwa mlango. Yule mtoto amesomeshwa, kuanzia shule ya vidudu mpaka chuo kikuu, na mikono iliyobabuka kwa spiriti.

Nikamuuliza mbona hamtambulishi kwa watu. Akasema mtoto mwenyewe ameomba wasijuane kazini, isije ikasemwa kabebwa. Alilisema kwa fahari, kwamba ona alivyo na akili. Mimi roho haikutulia. Nyumbani ilikuwa mama mdogo huku, mama mdogo kule, shikamoo asubuhi na jioni. Kazini binti akipita kwenye sinki anasema, "Dada, chupa zangu vipi?" Dada! Mwanamke wa miaka hamsini na kitu anaitwa dada kama mfanyakazi wa ndani, shikamoo hakuna, naye anajibu kwamba ziko tayari, huku anabana tabasamu. Alidhani ni mchezo wao wawili. Mchezo alikuwa anaucheza peke yake.

Raundi ya kwanza ilianza na miligramu mia mbili za unga. Binti alichemsha kwa muda wa saa sita akapata mazao tisini na tano kwa mia, vizuri sana. Sumaku akaosha, akakausha, ukapimwa mbele ya Mizani. Mia moja themanini na tisa. Kumi na moja hazipo. Ukitaka kujua ni nyingi kiasi gani, kwaruza penseli kwenye kidole, huo weusi utakaobaki ndio huo.

Mizani alimwita binti asimame kando ya mizani. "Umezila?" alimuuliza. Watu wakacheka, kwa sababu asiyecheka naye alikuwa anaangaliwa. Alimsimamisha pale mpaka saa ya chakula, mikono nyuma, kama mtoto wa shule aliyejikojolea, kisha akamwandika ubaoni kwa mkono wake mwenyewe. Akasema mtu asiyeweza kutunza unga hawezi kutunza shahada, na raundi ya pili ikirudi pungufu atampa kazi hiyo mwingine, yeye arudi kwao.

Binti alikuja kulilia stoo kwangu, katikati ya maboksi ya glavu. Mama yake mdogo alimfuata, lakini watu walikuwa wanapita, hata kumshika bega alishindwa. Alisimama upande wangu wa mlango anajifanya anahesabu brashi, midomo inamcheza. Mtoto alipoondoka akaniambia hakumwaga hata tone, huo unga unapungua wenyewe, ameuona kwa macho yake ukibaki kama moshi kwenye spiriti. Nikamwambia amwambie Mizani. Akacheka kwa uchungu. Mwosha chupa akamfundishe profesa habari za unga wake?

Raundi ya pili, kabla ya kupima, alikuja kuniazima ufunguo wa kabati la vitu vikavu, eti afute rafu. Miaka yote hiyo hajawahi kufuta rafu yangu hata moja. Humo ndimo ulimokaa unga mpya, kwenye chupa kubwa, haujaguswa. Nikampa ufunguo. Aliporudi kucha ya kidole chake cha mwisho ilikuwa nyeusi. Nikampa kitambaa, akafuta. Mchana ule unga ulirudi miligramu mia mbili na moja. Alikuwa mkarimu, akazidisha moja. Mizani aliwaambia watu waone jinsi ubao unavyofundisha.

Basi ikawa hivyo kila raundi. Ya tatu, ya nne, uzito palepale. Ya tano ndipo mazao yakaporomoka mpaka sabini kwa mia. Huko nyumbani mtoto hali, hasemi, amejifunika shuka mchana kweupe, kwa sababu Mizani alishamwambia chini ya tisini hataki kusikia. Sumaku akafikiri kama mtu mwenye birika: majani ya chai yakichoka unayatoa, unatia mengine. Alimwaga nusu ya ule unga wa zamani kwenye chupa ya taka akatia mpya nusu. Raundi ikarudiwa, mazao yakarudi tisini na nne. Alinisimulia mwenyewe, anafurahi, kwamba kumbe dawa yake ni ndogo tu. Kwake yeye, kazi ilikuwa kupata kile kitu cheupe cha dawa, na kimepatikana, nani ameumia?

Hapa nisijifiche. Mimi nilijua nani ameumia. Nimekaa na wasomi siku nyingi, najua wanachouliza hata kama sijui majibu. Swali lote la kazi ile lilikuwa unga uleule utadumu raundi ngapi, na yeye alikuwa anaufukia ukweli kwa kijiko. Neno moja langu lingemzuia. Lakini mwenye ufunguo ni mimi, na jina ambalo lingeandikwa ubaoni ni langu. Nikajifanya hamnazo.

Na binti alijua. Wasikudanganye. Raundi ya sita aliingia ghafla chumba cha mizani nikiwa nimeleta spiriti. Aliona chupa kubwa iko wazi, aliona kijiko, alimwona mama yake mdogo ameganda mkono uko hewani. Alisimama kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Kisha akasema anaenda kunywa chai, akafunga mlango taratibu. Tangu hapo kila ilipofika saa ya kupima, yule binti alishikwa na kiu ya chai.

Raundi kumi zikatimia, tisini na nne kwa mia mpaka mwisho, uzito haujapungua hata punje. Wakapiga picha. Mizani alisafiri kwenda kuzungumza mbele ya wakubwa wenzake, akarudi na bango kubwa, likabandikwa kwenye korido, yeye katikati, binti pembeni. Sumaku alilifuta vumbi kila asubuhi bila kuagizwa na mtu. Mwisho wa mwaka nilipopima chupa kubwa nikaikuta imeshuka vibaya, niliandika kwenye daftari la stoo kwamba unga uliingia unyevu ukatupwa. Mwandiko ni wangu, daftari lipo.

Kiwanda kimoja cha dawa kikaomba unga huo kiujaribu. Mizani akawapelekea wa kutosha, kifua mbele. Baada ya wiki sita ikaja barua. Aliisoma amesimama kwenye korido, chini ya bango lake. Walisema kwa heshima zote kwamba unga wao umekufa raundi ya nne, wamerudia mara tatu, na madini ya kuchochea wameyakuta kwenye maji ya kuoshea. Mizani alifunga maabara siku nane. Alimkalisha binti mbele yake, aoshe mwenyewe, apime mwenyewe, na mtu asisogee. Kila raundi unga ulirudi pungufu miligramu kumi, kumi na mbili, kumi na nne. Raundi ya nne mazao yakawa thelathini na nane kwa mia.

Sasa kukawa na maswali mawili tu, nani alijazia, na nani alijua. Ikionekana binti alijua, shahada imekwenda na hawezi kuandikishwa popote tena, ni udanganyifu. Ikionekana hakujua, atarudia kazi kwa ukweli, atapita. Sumaku alilielewa hilo mapema kuliko wote. Asubuhi ya kikao aliniachia saa kama kawaida, ingawa hakukuwa na sumaku ya kushika siku hiyo, na akaniambia wamekaa na mtoto wakapanga. Atasema alifanya peke yake, kwa hofu ya ubao, mwanafunzi hajui lolote. Ni kweli karibu yote. Jana wamekula sahani moja, akasema, na mtoto alimshika mkono.

Kikao kilikaa chumba cha mikutano. Mizani, afisa utumishi na kalamu zake tatu, na profesa mmoja mama wa makamo kutoka jengo la pili. Mimi niliitwa kama mtu wa stoo, nikapewa kiti ukutani. Aliyeulizwa kwanza ni binti. Akasema yeye alipika, kuosha na kukausha alikuwa mhudumu. Afisa utumishi akashangaa, mwosha vyombo apate faida gani kujazia unga?

Hapo binti angeweza kusema hajui. Ningemwelewa. Au angesema walichopanga, kwamba watu humu wanaogopa ubao. Lakini nilimwona akimtupia jicho Mizani, na Mizani ndiye mwenye kutia saini karatasi zake. Ubao ukitajwa, lawama inaanguka juu ya Mizani. Akanyoosha mgongo.

"Ana kijicho na mimi tangu siku ya kwanza," akasema. "Sijui nimemkosea nini. Alitaka nijengeke juu ya uongo, halafu nianguke mbele ya watu."

Yule profesa mama akamuuliza kama wanafahamiana nje ya kazi.

"Hapana. Namjua kama mwosha vyombo tu."

Nilimtazama Sumaku. Hakulia. Mikono yake iliyobabuka ilikuwa mapajani, kidole gumba kinasugua mahali saa inapokaa. Najua alichokuwa anapiga hesabu, kwa sababu nami nilikuwa naipiga. Akisema hofu ya ubao, binti ameonekana mwongo, watauliza kwa nini amedanganya, watachimba, na nyumba yao ni moja, kitanda cha mtoto kiko pale pale. Akisema alifanya kwa mapenzi, ndiyo kamaliza kila kitu. Limebaki jibu moja tu la kumvusha, nalo mtoto ameshamchagulia. Afisa utumishi akamuuliza kama ni kweli.

"Ni kweli," akasema. "Nilimwonea kijicho."

"Kwa sababu gani, mama?" yule profesa akauliza, kwa upole.

"Kijana, msomi. Mimi nimezeekea kwenye sinki."

Kisha wakanigeukia mimi. Chupa kubwa inakaa kwenye kabati langu, ufunguo ni wangu, je, niliwahi kumpa? Sumaku hakunitazama, aliinamisha kichwa ili asinitie aibu. Na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikasema sikuwahi kumpa, labda aliuchukua nilipotoka. Hiyo labda niliitia ili roho yangu ipate pa kuegemea. Afisa utumishi hakuiandika. Aliandika wizi.

Profesa mama aliuliza jambo moja la mwisho, na ndilo lililokuwa swali lenyewe. Aliuliza ilikuwaje raundi kumi zipite, na vyombo vya kioo, na mikono ya watu, bila hata mmoja wao kushtuka kwamba hakukupungua hata punje. Mizani akamjibu kwamba katika maabara yake hakupungui kitu. Yule mama akafunika faili lake. Ilikuwa karibu saa ya chakula.

Sumaku alifukuzwa kazi kwa wizi na hujuma, miezi kumi na minne kabla ya kustaafu, na mwizi hapewi kiinua mgongo. Walinzi wa getini walimpekua mkoba mpaka kwenye kopo la mafuta ya mikono. Mmoja akasema leo Sumaku kamwaga unga kwelikweli, wakacheka wee mpaka wakashikana mabega. Waliona wamesema jambo jipya duniani. Saa yake ilibaki kwenye droo yangu, na mimi sikutoka kumkimbilia.

Binti alihama nyumbani wiki ileile. Akapanga chumba upande mwingine wa mji, maana isingependeza kuonekana anaingia nyumba ile. Alirudia kazi yote kwa haki, tena vizuri, akaandika bila kuficha kwamba unga unadumu raundi tatu, ya nne unachoka, na akaeleza ni kwa nini. Kumbe upungufu ule wa mwanzo, zile miligramu kumi na moja, ndio uliokuwa ugunduzi wenyewe. Walimpongeza sana. Mizani aliliondoa bango la zamani akabandika jipya, na jina la binti akalifuta ubaoni kwa kitambaa mbele ya watu wote. Mahali pa Sumaku wakaleta mwosha vyombo mwingine, na karatasi ikabandikwa juu ya sinki: wahudumu wasiguse unga mweusi. Mwandiko ulikuwa wa binti.

Tasnifu yake ilipochapwa, nakala moja ililetwa stoo ihifadhiwe. Niliichukua, nikaichukua na saa, nikaenda. Ulikuwa umepita mwaka na zaidi. Nyumba ya vyumba viwili, imefagiwa. Ukutani vyeti vya mtoto vimepangwa kuanzia darasa la kwanza, mahali pa cha mwisho pameachwa wazi na msumari umeshapigwa. Kitanda cha binti kimetandikwa, mto umepigwa pasi. Sumaku alikuwa amepungua. Macho nayo yalikuwa yameharibika, ile mivuke ya miaka yote, herufi ndogo hazioni tena. Hakuniuliza habari yangu wala ya ufunguo. Aliuliza jambo moja.

"Amevuka?"

Nikamwambia amevuka, nikampa kitabu mkononi. Alikipapasa jalada, akanusa kurasa, akacheka peke yake. Kisha akafungua mwanzoni, akasema amesikia kwamba kwenye vitabu hivi huwa kuna ukurasa wa shukrani, nimsomee huo. Mengine ya kemia niyaache, alikuwepo.

Nikasoma. Anamshukuru Mungu. Anamshukuru Mizani aliyemfundisha uaminifu katika kazi. Kiwanda cha dawa. Wanafunzi wenzake. Mtunza stoo kwa uaminifu na ushirikiano wake. Na mama yake mzazi, marehemu, ambaye malezi yake ndiyo yaliyomfikisha hapa. Ukurasa ukaisha. Nikainua macho nikamwona ametega sikio, shingo mbele, anangoja. Sikuweza. Nikatazama karatasi tena nikaendelea kusoma, sauti yangu ileile, "Na mama yangu mdogo, aliyenichukua nikiwa sina viatu, ambaye bila yeye nisingekuwa mtu."

Alikichukua kitabu kutoka mikononi mwangu, akakisogeza dirishani kwenye mwanga, akaweka kidole kwenye ukurasa akateremka nacho polepole, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akifuata unga kwenye ubavu wa chupa. Alirudia mara ya pili.

"Herufi sizioni, kaka, lakini mistari naiona," akasema. "Iko sita. Wewe umesoma saba."

Akaugonga ukurasa kwa kidole.

"Umejazia."

Nikasema ndiyo, nimejazia. Hakukasirika. Alifunga saa mkononi, kwa taabu kidogo, kamba ilikuwa imekauka. Kisha akaniuliza kuhusu ule mstari wa mtunza stoo, wa uaminifu, kama nao nimejazia. Nikamwambia hapana, huo umeandikwa.

"Haya," akasema.

Akakifunga kitabu, akakiweka juu ya mto wa binti, akaja kunifungulia mlango.